Opereta nyuklia: trasi ni jumla ya thamani eigeni au siyo? Nimekwama

Mdau_wa_Namba: Wakuu habari zenu. Kwenye matriksi za kawaida trasi, yaani jumla ya namba za ulalo, ni sawa na jumla ya thamani eigeni (namba λ zenye Mv=λv kwa vekta fulani v isiyo sifuri, M ikiwa matriksi), mfano mstari wa juu 2 na 1, wa chini 1 na 2, ulalo unatoa 4 na thamani eigeni ni 3 na 1, safi. Sasa nikienda kwa opereta nyuklia (zile unazoweza kuziandika kama jumla ya vipande vya ranki 1, yaani vyenye matokeo ya mwelekeo mmoja tu, na norma zao, yaani ukubwa wao, zina jumla yenye kikomo) za nafasi ya Banach (nafasi ya vekta yenye norma na iliyo kamili) bado inashika? Siku ya tatu hii nahangaika nayo.

Kibao_na_Chaki: Inashika mkuu, Lidskii aliithibitisha 1959.

Bi_Ulalo: Samahani Kibao, ya Lidskii ni ya nafasi ya Hilbert tu (nafasi ya Banach ambayo norma yake inatoka kwenye zao la ndani). Kwa Banach, Grothendieck 1955 alionyesha thamani eigeni za opereta nyuklia zinajumlika (yaani jumla yao ina kikomo) zikishapigwa mraba, zenyewe hivihivi hazina uhakika huo. Na 1979 Johnson, König, Maurey na Retherford wakathibitisha kwamba nafasi ambayo opereta nyuklia zake zote zina thamani eigeni zinazojumlika, hiyo ni isomofiki na Hilbert (yaani kimuundo ni ileile), hakuna nyingine!

Halafu kuna trasi yenyewe. Opereta moja unaiandika kwa njia nyingi kama jumla ya vipande vya ranki 1, na ili kila njia ikupe trasi ileile nafasi lazima iwe na sifa ya ukaribiaji (yaani opereta isiyobadili kitu inaweza kukaribiwa, kwenye kila seti kompakti, na opereta za ranki yenye kikomo). Mazur aliandika swali linalohusiana na hilo 1936 kule Lwów akaahidi zawadi ya bata bukini hai, likakaa mpaka 1972 Enflo akaonyesha zipo nafasi zisizo na sifa hiyo, akaenda Warsaw kuchukua bukini wake. Sasa kutokana na kazi yake inapatikana opereta nyuklia A kwenye ℓ1 (nafasi ya mifuatano ya namba ambayo jumla ya thamani zake kamili ina kikomo), A²=0 lakini trasi yake ni 1, na ℓ1 sifa inayo kabisa kwa hiyo huwezi kusema trasi ina utata. Thamani eigeni zote ni sifuri mdogo wangu, jumla sifuri, trasi 1.

Kibao_na_Chaki: Aisee nimekubali, nilikuwa nachanganya. Mdau, ukitaka usawa urudi tumia opereta za nyuklia ya 2/3, yaani vipande vinajumlika hata norma zikipandishwa kipeo cha 2/3, hiyo nayo ni ya Grothendieck.

Mdau_wa_Namba: Asanteni sana. Bi Ulalo, na kwa opereta nyuklia yoyote T, trasi ya T² je? Maana kwa A hiyo, trasi ya A² ni 0 na jumla ya miraba ni 0, zinalingana.

Bi_Ulalo: Ndiyo, nafasi ikiwa na sifa ya ukaribiaji trasi ya T² ni jumla ya miraba ya thamani eigeni za T, daima. T unaipitisha ℓ2 katikati (nafasi ya Hilbert ya mifuatano ambayo jumla ya miraba yake ina kikomo), unapata opereta ya Hilbert-Schmidt (jumla ya miraba ya namba za matriksi yake ina kikomo) yenye thamani eigeni zilezile isipokuwa sifuri, mraba wake ndio Lidskii anaushika.