Modemu ya kununua au ya kukodi: kwa wanaohamia Nairobi

Dada wa Kilimani:

Ndugu zangu Watanzania wa Nairobi, habari za wikiendi. Binamu yangu anakuja kutoka Marekani mwezi ujao. Amenisisitiza nisikubali kukodishiwa kifaa cha intaneti, ataniletea modemu yake ya kebo ambayo haitumii tena. Nimehamia nyumba mpya na fundi anakuja wiki hii. Nimsubiri binamu au nimruhusu fundi afunge?

Kaka wa South B:

Dada, karibu Kilimani. Mruhusu fundi afunge, na binamu mwambie aache hiyo modemu huko huko, mizigo yake ibebe kitu kingine.

Anachosema ni kweli kwa Marekani. Kule nyumba nyingi zinapata intaneti kupitia waya uleule wa televisheni ya kebo, na kampuni zinatoza kodi ya modemu kila mwezi, mara nyingi karibu dola 15. Kwa mwaka inafika dola 180, na kwa pesa hiyo mtu anaweza kununua modemu nzuri ya DOCSIS 3.1 (kiwango cha modemu za kebo) akakaa nayo miaka. Tangu Desemba 2020 sheria yao inakataza kampuni kumtoza mteja kodi ya kifaa alichojinunulia mwenyewe. Kwa hiyo jamaa zetu walioko kule ambao bado wanakodi, wanunue. Waangalie kwanza orodha ya modemu zinazokubaliwa na kampuni yao, na wakirudisha ile ya kukodi wadai risiti, maana bila risiti ni vigumu kubishana na bili.

Huku mambo ni tofauti. Nyumba nyingi tunazopanga Nairobi sasa zinaletewa faiba, na kile kisanduku anachofunga fundi kinaitwa ONT. Kinapokea mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo. Modemu ya kebo inapokea mawimbi ya redio kwenye waya wa shaba, na tundu lake la kuzungusha haliwezi kuingiza uzi wa faiba hata ufanyeje. Kampuni ya Zuku ilivuta waya wa kebo katika baadhi ya mitaa ya hapa, lakini hata penye waya huo modemu haishiki mpaka kampuni iingize namba yake kwenye mtambo wao.

ONT nayo ina utaratibu huohuo. Uzi mmoja kutoka kwenye mtambo unagawanywa kwa nyumba nyingi, hivyo mtambo lazima ukitambue kila kisanduku kwa namba yake na ukipangie zamu ya kutuma. Ukikuta ONT ya mtumba kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue kwa bei ya kuvutia, pita. Na kwa kawaida hutozwi kodi ya kisanduku kila mwezi: ni mali ya kampuni, unakirudisha ukihama.

Pesa yako iweke kwenye ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti ndani ya nyumba. Hapa ndipo naona wenzetu wengi wanaumia bure. Kisanduku cha kampuni kina Wi-Fi yake, lakini hufungwa pale waya unapoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni au karibu na mlango. Nyumba zetu nyingi hapa ni za mawe ya kuchonga, na mawimbi ya gigahezi 5 yakipita kuta mbili za namna hiyo yanakuwa hoi. Mtu anadhani kifurushi ni kidogo, anapanda kifurushi kikubwa zaidi, analipa kila mwezi, na chumba cha mwisho bado video inakwamakwama. Kabla hujaongeza hata shilingi, chomeka kompyuta kwa waya kwenye kisanduku upime kasi, kisha upime tena chumbani kwa Wi-Fi. Kama kwenye waya iko sawa na chumbani imeporomoka, kifurushi hakina kosa.

Nunua ruta ya Wi-Fi 6, vuta waya kutoka kwenye kisanduku hadi katikati ya nyumba, uiweke juu mahali pa wazi. Zima Wi-Fi ya kisanduku. Fundi akiwa bado yupo, mwombe akiache kisanduku kipitishe data tu na ruta yako ifanye kazi ya kugawa anwani za mtandao kwa simu na kompyuta zako, kwa sababu vikigawa vyote viwili, michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi huwa zinasumbua. Akikataa, ruta yako iweke kwenye hali ya kusambaza Wi-Fi peke yake. Nunua pia betri ndogo ya volti 12 ya kuwashia vyote viwili umeme ukikatika.

Mama wa Eastleigh:

Wanangu, kaka kasema vizuri, ila kukodi nako kuna mahali pake. Agosti 2024 Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walianza kukodisha vifaa hapa Kenya kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na 2,700 za kuanzia, wakati kununua ilikuwa 45,500. Ukipiga hesabu, kununua kunalipa baada ya miaka miwili hivi. Sisi wa mikataba ya kazi, ambao mwajiri anaweza kukuhamisha wakati wowote, mimi ningekodi. Aliyejenga kwake Kitengela anunue.

Dada wa Kilimani:

Shikamoo mama, nimekuelewa. Kaka, asante sana. Sasa hiyo ruta nikirudi nayo Dar itakubali?

Kaka wa South B:

Itakubali, dada, mradi iwe na tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, la waya wa kawaida na isiwe imefungwa kwa kampuni moja. Umeme wa Dar na plagi ya pini tatu ni kama vya hapa. Ukifika, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, halafu uulize kampuni ya huko kama wanatumia jina na nenosiri la kuunganisha. Wengine wanatumia, na bila hivyo ruta itawaka taa zote lakini intaneti haitaingia. Kisanduku cha hapa kirudishe ofisini kwao, kipige picha namba ikionekana, na usiondoke bila karatasi iliyosainiwa.