Msaidizi wa kitabibu asiye na adabu anaharibu vipimo, haudhi watu tu

Wanajamvi,

Nimesubiri siku mbili ili hasira zipungue kabla ya kufungua uzi huu, lakini hazijapungua. Nilimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, na kabla hajamwona daktari alipita mikononi mwa msaidizi wa kitabibu ambaye, kwa muda usiozidi dakika 10, aliharibu karibu kila taarifa ambayo daktari angeitegemea.

Alianzia dirishani. Mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba, alimuuliza: "Wewe ndiye yule unayetokwa na mkojo?" Mama aliinamisha kichwa akasema hapana, naye akaandika hapana. Ni mtu mzima gani atakayekiri jambo hilo mbele ya watu asiowajua? Usiri huzungumzwa kana kwamba ni heshima tu anayofanyiwa mgonjwa, ilhali aibu humfanya adanganye, na uongo huo ukishaingia kwenye faili husomwa kama ukweli.

Chumbani mambo yalizidi kuwa mabaya. Alimfunga mama mkanda wa kupimia presha juu ya sweta, miguu yake ikining'inia kitandani, na mashine ilipokuwa ikijaa upepo aliendelea kumgombeza kwa kusahau kadi. Kipimo kikasoma 168 kwa 96. Yeyote aliyefunzwa kazi hii anajua kwamba mgonjwa hupumzishwa kwanza kwa dakika 5, akiwa ameegemeza mgongo, nyayo zimekanyaga sakafu, na mkono usiofunikwa na nguo umeegeshwa usawa wa moyo; na kwamba hata mazungumzo ya kawaida hupandisha namba, sembuse kugombezwa. Daktari, ambaye namshukuru sana, aliitilia shaka namba ile, akampumzisha mama na kumpima upya: 139 kwa 82. Kama asingeshtuka, tungerudi nyumbani na dozi iliyoongezwa, na mzee anayemeza dawa ya presha kupita mahitaji yake anaweza kushikwa na kizunguzungu anapoinuka usiku, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Kuhusu mzio, aliuliza neno moja tu, "Mzio?", macho yakiwa kwenye kompyuta. Mama hakuelewa, akasema hana. Angeulizwa kama kuna dawa iliyowahi kumwasha au kumvimbisha midomo, angeitaja penisilini bila kusita, kwa sababu kisa hicho hukisimulia kila mwaka.

Hata utambulisho aliukosea. Alimuuliza, "Wewe ni fulani?" badala ya kumwacha ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Mama hasikii vizuri kwa sikio la kushoto na, kama wazee wengi wenye shida hiyo, huitikia kwa kichwa lolote analoulizwa. Safari hii jina lilikuwa lake kweli. Ilikuwa bahati.

Najua kwamba wasaidizi hawa wanalemewa, na kwamba wagonjwa huwatolea hasira ambazo hawangethubutu kumtolea daktari. Nalikubali hilo. Hata hivyo, kupima mara mbili kulichukua muda mrefu kuliko ambavyo kungechukua kama kipimo kingefanywa vizuri mara ya kwanza, na foleni iliyomtia haraka ilirefuka kwa sababu ya haraka yake mwenyewe. Nawalaumu zaidi wanaowafundisha, kwa sababu huduma kwa mgonjwa wameigeuza kuwa somo la kutabasamu, jambo la ziada baada ya kazi yenyewe kumalizika.

Nilipomfuata kumweleza haya, alinijibu kwamba hakuajiriwa kubembeleza watu. Sikumwomba ambembeleze mama. Nilimwomba asubiri dakika 5 kabla ya kubonyeza kitufe. Barua ya malalamiko nimeikabidhi kwa msimamizi wake, na majibu yakija nitayaweka hapa.