Mrejesho: ile sarafu ya askari wawili

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu sarafu ndogo ya Kirumi niliyonunua mnadani Uingereza, nikashikilia kwamba ni ya mfalme wa Roma, Constantine Mkuu. Nilichemka. Nimeiloweka kwenye maji siku nne, nikasugua taratibu kwa kijiti cha meno, maandishi yakajitokeza: CONSTANTINVS IVN NOB C, yaani Constantine mdogo, Kaisari mtukufu. Kumbe ni mwanawe, Constantine II, alipokuwa bado Kaisari, yaani mtawala msaidizi, kabla ya kupanda cheo kuwa mfalme kamili mwaka 337. Nyuma ya sarafu, kati ya wale askari wawili waliochorwa, bendera ni moja tu. Zingekuwa mbili, ingekuwa ya 330 hadi 335. Kwa hiyo yangu ni ya 335 hadi 337. Chini kabisa kuna TRP: TR ni Trier, Ujerumani ya leo, ilikopigwa, na P ni karakana ya kwanza. Aliyenikataza kuisafisha kwa limau, asante sana. Nilikuwa nimeshalikata.