Mshindi wa mnada eBay hajalipa, ada naipataje?

SarafuZaKale (Mji wa Kale, Mombasa)
Assalam aleikum wakuu. Kuna fungu la shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1925, zile za simba, nimeliuza kwa mnada eBay, lile soko la mtandaoni. Mnada ulifungwa Jumapili saa tatu usiku saa zetu kwa dola 64, usafirishaji dola 14. Mshindi yuko Marekani. Leo Ijumaa asubuhi hajalipa wala hajibu ujumbe, na kitufe cha kughairi kwa kutolipwa sikioni. Je, ada ya mauzo nitalipishwa hata kama pesa sijaiona? Nighairi oda kwa sababu gani? Na yule wa pili alifika dola 63, naweza kumuuzia yeye?

Kilindini_Mizigo
Waaleikum salaam. Kitufe hukioni kwa sababu ya saa. Mnunuzi ana siku nne za kalenda, na eBay inahesabu kwa saa za California, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira yao. Asubuhi hii huko bado ni Alhamisi usiku. Ngoja mchana, kisha uingie kwenye oda zako, sehemu ya zinazosubiri malipo, ufungue hiyo oda, uchague kughairi, halafu sababu iwe *mnunuzi hajalipa*.

Hapo kwenye sababu ndipo watu wanapopoteza. Ukichagua kwamba mzigo umekwisha au umeharibika, kosa linahesabiwa kwako muuzaji na kiwango chako kinashuka, ilhali aliyekosa ni mwingine. Ukichagua kwamba mnunuzi ameomba kughairi, hupati doa, lakini naye haandikiwi kitu na kesho ataharibu mnada wa mwenzako.

Ada ya mauzo: kwa aina nyingi za bidhaa ni asilimia 13 na ushei, na inapigwa juu ya jumla yote, yaani bei, usafirishaji, hata kodi ya mauzo ya Marekani ambayo wewe huigusi. Kwa dola 78 ni zaidi ya dola 10, si pesa ya kuachia. Ukighairi kwa kutolipwa huidaiwi, na kama ilishaandikwa inarudishwa kwenye akaunti. Hakuna fomu ya kujaza, kughairi kwenyewe ndilo dai. Ila dirisha lake linafungwa siku 30 baada ya mauzo. Anayekaa akisema "nitamvumilia tu" mpaka mwezi upite, ndiye anayelia.

StempuNaPesa
Niongeze kuhusu ada, kwa sababu si zote zinazorudi. Ada ya kuweka tangazo, kama ulishamaliza yale ya bure ya mwezi, usiitegemee. Vikorombwezo vya kulipia, kama kichwa kidogo cha pili, ndiyo vimekwenda. Matangazo ya kukuza bidhaa ni ya aina mbili: ile inayokatwa asilimia bidhaa ikiuzwa, hiyo inafuata oda na inarudi, ile ya kulipia kila mtu anayebofya hairudi, maana watu walibofya kweli.

Sasa huyo wa pili. Usimguse kabla ya kughairi oda ya kwanza. Ukimpelekea ofa akakubali, na yule wa kwanza akalipa saa hiyohiyo, una fungu moja na wateja wawili, na wa kumwangusha utamwangusha kwa doa lako mwenyewe.

Ukishaghairi, una siku 60 tangu mnada ufungwe kumpelekea ofa ya nafasi ya pili, na unachagua idumu siku 1, 3, 5 au 7. Huilipii ada ya tangazo, ada ya mauzo inakatwa akikubali tu. Lakini fungua kwanza historia ya madau. Bei ya ofa ni dau lake la juu kabisa, huwezi kuipunguza. Ukikuta wawili hao ndio walioshindana peke yao kutoka dola 31 hadi 64, huyu wa pili anajua kwamba bila yule hewa angeondoka nalo kwa dola 32 hivi. Kumwomba 63 ni kumchokoza, wengi wanakataa au wananyamaza. Hapo ni bora kutangaza upya. Kama kulikuwa na watu watatu wanne waliokaribia 60, basi mpelekee, bei ni ya haki.

SarafuZaKale
Shukran sana. Kitufe kimetokea mchana huu, lakini kabla sijabonyeza jamaa ameandika. Anasema kadi yake ina matatizo, nimtumie barua pepe yangu atanilipa nje ya eBay, na nipeleke mzigo Posta leo kwa kuwa ni zawadi. Nimsubiri?

Kilindini_Mizigo
Hapana, ndugu yangu. Ukipokea nje umevunja kanuni za eBay, na akidai pesa zake huko alikolipia, oda yako haina ulinzi wowote. Ukimpa barua pepe, kitakachofuata ni ujumbe wenye nembo nzuri unaosema pesa zimeshikiliwa mpaka uweke namba ya kifurushi. Malipo ya kweli unayaona sehemu moja tu: ndani ya akaunti yako, oda ikihama kutoka kusubiri malipo kwenda kusubiri kutumwa. Barua pepe si malipo. Usikanyage Posta ya Digo Road kwa sababu ya barua pepe.

Mjibu mstari mmoja, ndani ya mfumo wa ujumbe wa eBay: lipa kwa eBay, la sivyo oda inaghairiwa leo. Kisha ghairi.

StempuNaPesa
Na ukishaghairi kwa kutolipwa hawezi kukuachia maoni mabaya. Wewe pia huwezi kumwachia mabaya, wauzaji walinyimwa hiyo tangu 2008, kwa hiyo usihangaike kumtukana kwa maoni ya kijani, yaani yale mazuri. Mweke kwenye orodha ya uliowazuia.

Kabla ya kutangaza tena, nenda kwenye masharti ya wanunuzi uzuie wenye oda mbili zisizolipwa ndani ya miezi 12, na walio nchi usikopeleka. Washa pia kughairi kwa otomatiki siku ya nne ikipita, ili hata ukisahau ada isikupite. Ila ukiuza mafungu mengi kwa mteja mmoja anayetaka kulipa kwa pamoja, mashine itamghairia na yeye, kwa hiyo ongeza siku kidogo.

Jambo la pembeni, kwa kuwa unauza sarafu. Za 1921 hazina neno. Lakini ukipata zile za 1888 za kampuni ya Waingereza zilizoandikwa Mombasa, usiziweke mnadani kwa mnunuzi wa nje hivihivi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kaanze kuuliza kwa watu wa Makumbusho pale Fort Jesus.