Tupeane uzoefu: injini ya dizeli ya ndani kuchemsha baharini, kwa wenye mashua na majahazi ya Tanga

Mwanzilishi wa mada, Sahare:

Asalaam alaikum, na shikamooni wakubwa. Nina mashua ya tanga yenye urefu wa futi 32 na injini ya dizeli ya silinda tatu iliyofungwa ndani, karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo. Mwaka huu, kaskazi ikielekea kuisha, nilikuwa narudi kutoka Mkoani, Pemba. Upepo ulikatika tukiwa bado mbali na pwani, nikatua tanga na kuwasha injini. Tulipokikaribia kisiwa cha Ulenge nikasikia sauti ya egzosi imebadilika. Siku zote hutema maji kwa mikupuo, kama mtu anayesukutua kinywa. Safari hii ilikuwa sauti kavu na kali, na mahali pa maji ukawa unatoka mvuke mweupe. Nikatazama geji ya joto, nikaikuta kwenye nyuzi 80 kama kawaida yake, nikasema moyoni kwamba kama kuna hitilafu geji ingeonyesha. Hilo ndilo kosa lililonifanya nianzishe mada hii. Dakika chache baadaye king'ora kililia, mpira wa egzosi ukaanza kunuka kuungua, na nilipozima injini sindano ilikuwa imeshapita 105.

Kilichotuokoa ni kwamba chombo chetu ni cha tanga. Tulisubiri mpaka matlai ilipoanza kuvuma, tukatweka tanga na kuingia ghubani polepole, tukatia nanga upande wa kisiwa cha Toten. Nilipofungua pampu ya maji ya bahari nilikuta impela ya mpira, kile kigurudumu kinachosukuma maji, yenye mapanga sita imebaki na mawili. Vipande vitatu nilivipata kwenye mdomo wa kibadilisha joto, na cha nne nilikitafuta kwa siku mbili kabla ya kukitoa ndani ya kona ya hosi.

Naomba kila aliyewahi kuchemshiwa na injini akiwa baharini aeleze ilivyoanza, alivyoitambua, na alichokikuta alipofungua. Nimetambua kwamba wengi wetu tunaijua milingoti na matanga yetu vizuri kuliko njia ya maji inayopita ndani ya mashine zetu.

Fundi wa injini, Deep Sea:

Kaka, pole, na mshukuru Mungu kwamba ulizima kabla hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, haijapinda. Ulivyokisaka kile kipande cha nne umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Watu hufunga impela mpya, maji yakaonekana yanatoka, wakaondoka wakiwa wameridhika, na ule mpira uliobaki ndani ukasafiri hadi ukaziba mirija ya kibadilisha joto mwezi uliofuata. Hesabu mapanga yaliyokatika, kisha hesabu vipande ulivyovipata. Hesabu zisipolingana, kazi haijaisha.

Kwa ambao hawajawahi kufungua mashine zao, nieleze kidogo. Injini kama hiyo ya kaka ina mizunguko miwili ya maji. Mmoja ni wa ndani, wenye kulanti (maji ya kupozea yenye dawa), ambao huzunguka kwenye bloku na hedi kama ulivyo kwenye gari. Wa pili ni wa maji ya bahari: yanaingia kwa koki iliyo chini ya maji, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu ya impela, yanapita kwenye mirija ya kibadilisha joto ili kuipokea hari ya kulanti, halafu yanamwagwa ndani ya egzosi kuipoza kabla ya kutoka nje. Geji yako inapima kulanti. Maji ya bahari yakikatika, kulanti huchukua muda kupata moto, na katika muda huo geji inakuambia kwamba hali ni nzuri. Sikio na jicho lako huko tezi vinajua mapema zaidi. Katika kazi yangu, mashine nyingi ninazoitiwa kwa kuchemsha zimeanzia upande wa bahari, na mara nyingi ni kwa kitu ambacho mwenyewe angeweza kukitengeneza kwa bisibisi na spana moja.

Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ukiwasha injini koki ikiwa imefungwa, mpira unasugua chuma kikavu na unaweza kuharibika kabla hujamaliza kuvuta kamba ya nanga. Pia chombo kikikaa miezi bila kuwashwa, yale mapanga yaliyolala kwenye upande uliobana hujikunja na kubaki hivyo, kwa hiyo usihesabu saa za injini peke yake. Mimi huibadilisha kila mwaka, na ninaipaka sabuni ya maji ninapoiingiza. Grisi ya kawaida haiufai mpira.

Nikushauri jambo moja la kujaribu. Siku mashine ikiwa nzima, chukua ndoo ya lita 10, iweke kwenye mdomo wa egzosi chombo kikiwa kimetulia, na upime inajaa kwa sekunde ngapi katika mzunguko ule ule kila mara. Andika mahali. Baada ya hapo utajua maji yamepungua hata kama bado yanatoka.

Mwenye mashua ya kupeleka wageni, Pangani:

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wanne na nimerithi mashua kutoka kwa marehemu baba yangu. Tunapeleka wageni kisiwa cha Maziwe na kurudi. Kwetu adui ni mto. Masika ikikolea, Mto Pangani hushusha maji ya rangi ya udongo, majani, vijiti na takataka zote za huko juu, na sisi tunapita hapo hapo mdomoni. Katika miezi hiyo chujio langu hufunguliwa kila siku asubuhi kabla ya abiria kupanda, na si mara moja nimekuta tope limejaa hadi nusu ya kikombe chake.

Ila siku niliyoogopa kweli, chujio lilikuwa safi kabisa. Injini ilikuwa inachemsha, impela nzima, mkanda umekaza, na maji hayaji. Kijana wangu akafunga koki, akavua hosi upande wa chujio, akafungua koki kidogo tu. Kwa kawaida maji ya bahari yangeruka juu kwa nguvu. Yalitoka kama machozi. Alizamia, akarudi na mfuko wa plastiki uliokuwa umenyonywa ukaziba tundu lote. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua sana, lakini karatasi za nailoni za kufungia vitu bado zinaelea. Tangu siku hiyo tunapima kwanza kwenye koki kabla ya kugusa kitu kingine chochote, maana kunachukua dakika mbili na kunakuonyesha tatizo liko upande gani. Kizibo cha mbao cha ukubwa wa lile tundu nimekifunga kwa kamba pale pale kwenye koki, kwa sababu kuvua hosi iliyo chini ya maji si mchezo.

Nahodha mstaafu, Tongoni:

Wanangu, nimewasoma wote. Langu halihusu kuchemsha, bali linahusu maji hayo hayo ya kupozea, na liliua injini nzima.

Tulikuwa na jahazi la mizigo lenye injini ya lori iliyogeuzwa kuwa ya baharini, na egzosi yake ilikuwa ya kumwagiwa maji. Alfajiri moja mashine ilikataa kuwaka kwa sababu ya hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Serahangi wangu akawa anapiga stata, anapumzika, anapiga tena. Sijui kama tulifika mara thelathini. Hakuna aliyefikiri kwamba kila stata inapozunguka, pampu nayo inazunguka na kumwaga maji ya bahari kwenye egzosi, na kwa kuwa injini haijawaka, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yalijaa kwenye boza, lile tungi la kupunguza sauti ya egzosi, yakapanda, yakarudi kupitia vali za egzosi hadi ndani ya silinda. Mara stata ikagonga mara moja na kukwama. Maji hayabanwi kama hewa. Tulipofungua tulikuta fito mbili za pistoni zimepinda, na oili kwenye sampu imekuwa kama chai ya maziwa.

Kwa hiyo injini ikikataa kuwaka baada ya kupiga stata mara chache, fungeni koki ya maji ya bahari, mtafute ubovu, na muifungue mara tu mashine inapowaka, wala msichelewe, kwa maana fundi amekwishaeleza impela inavyoumia ikikosa maji. Mimi huweka ufunguo wa stata juu ya mkono wa koki inapokuwa imefungwa, ili asiwepo wa kuwasha bila kuigusa koki kwanza.

Chombo ambacho egzosi yake iko chini ya mstari wa maji nacho kiwe na vali ya kuvunja mnyonyo, ile hosi iliyopindishwa juu yenye kitundu cha kuingizia hewa. Chumvi ikikiziba kitundu hicho, bahari inaweza kujiingiza yenyewe ndani ya injini wakati nyote mmelala.

Mchangiaji, Kigombe:

Shikamoo mzee wetu, ahsante sana kwa hilo la ufunguo, nimelianza leo.

Mimi niliharibikiwa na usafi. Kibadilisha joto changu kilikuwa kimejaa magamba ya chumvi na chokaa, na mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi akanishawishi tukioshe kwa asidi ya betri. Kilitoka kinang'aa. Wiki tatu baadaye vifuniko vyake vya alumini vilikuwa na vitobo kama chujio la chai, kulanti ikawa inavuja na maji ya bahari yanaingia. Sasa ninatumia siki, ninailaza humo usiku kucha, ninasuuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi, na magamba yakiwa sugu ninarudia. Ni polepole, lakini chuma kinabaki.

Nilipokifungua ndipo nilipojua pia kwamba kulikuwa na kijiti cha zinki kilichofungwa kwa bolti ubavuni, na kwamba kilikuwa kimekwisha kabisa, imebaki bolti tupu. Miaka yote minne niliyokuwa na chombo sikujua kipo. Zinki huliwa na chumvi badala ya shaba na alumini zilizo jirani, na ikishakwisha, zamu inakuwa ya hizo. Ninaibadilisha inapoliwa nusu. Kwangu ni kama kila miezi minne.

Mchangiaji, Moa:

Naomba niongeze kuhusu geji, kwa sababu mwanzilishi alidanganywa na geji iliyochelewa, na mimi nilidanganywa na iliyoshuka. Klipu ya hosi moja ya kulanti ilikuwa imeoza kwa kutu upande wa chini usioonekana, na kulanti ikawa inadondoka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kidogo kidogo. Nilikuwa naongeza maji ya kisima, ambayo kwetu pwani yana chumvichumvi, na hilo lenyewe lilikuwa kosa. Siku moja tukielekea Jasini sindano ilipanda, kisha ikashuka hadi 40. Nilifurahi. Kumbe kulanti ilikuwa imekwisha, na kihisi cha joto kilibaki hewani, hakina maji ya kupima. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua.

Siku hizi ninapitisha vidole chini ya kila klipu kabla ya safari, kwa kuwa kutu huanzia mahali ambapo macho hayafiki, na ninaongeza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Kifuniko sikifungui mashine ikiwa ya moto, na hedi iliyochemka siimwagii maji baridi hata abiria wanisihi vipi.

Mwanzilishi wa mada, Sahare:

Nawashukuru wote. Mzee wa Tongoni, nimekwenda kuikagua ile vali ya kuvunja mnyonyo. Kitundu chake kilikuwa kimeziba kwa chumvi ngumu kama jiwe, nikakizibua kwa sindano na maji ya moto.

Fundi, jaribio la ndoo nimelifanya mara mbili. Mara ya kwanza, baada ya kufunga impela mpya na kusafisha kila kitu, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 40 katika mzunguko wa 1,500. Nikaiandika kwa rangi kwenye ubao wa ndani wa kifuniko cha injini. Jumapili iliyopita, wiki tano baadaye, nilipima tena kwa sababu tu nilikuwa na nafasi: sekunde 56. Geji ilikuwa palepale kwenye 80, na kwa macho maji yalionekana mengi. Nilifungua chujio, likawa safi. Nikafungua pampu, impela nzima. Nikafanya kama alivyoeleza mama wa Pangani, nikavua hosi na kufungua koki, na maji yakaja kwa unyonge. Tuliingojea bamvua ya wiki hiyo, tukakiegemeza chombo mchangani, na maji yalipopwa nikalala chini yake na tochi. Ndani ya tundu la koki, kiasi cha kidole kimoja kutoka nje, chaza wadogo walikuwa wameota kuzunguka ukingo wote, wamebakisha nafasi ya kupita kalamu.

Niliwakwangua kwa bisibisi. Maji yalipojaa nikapima tena: sekunde 41.