Mjadala: Dirisha la vioo vya rangi, tuchangishane au tuweke alumini?

Mleta mada: Ndugu zangu, dirisha la vioo vya rangi lililo juu ya altare ya kanisa letu la zamani limefikia pabaya. Risasi, ile metali laini inayoshikilia vioo, imechoka na kupinda, puti ya kuzibia imekauka na kupukutika, na ukigusa sehemu ya chini kwa kidole, vioo vinacheza. Kwenye joho la buluu la Bikira Maria tundu limezibwa kwa nailoni. Wapo wanaotaka litolewe, tuweke alumini na kioo cha kawaida. Mimi nasema tuchangishane, litengenezwe kama lilivyokuwa. Mnaonaje?

Muumini wa ibada ya kwanza: Napinga. Nyumba ya katekista inavuja, na watoto wa shule ya Jumapili wanakaa sakafuni. Tena tunajua michango ya hapa inavyokwenda: majina yanasomwa kwenye kipaza sauti, aliyetoa laki anapigiwa vigelegele, na aliyetoa elfu mbili anainamisha kichwa.

Mjumbe wa kamati: Kusoma majina si kumwaibisha mtu. Ahadi ni deni, na ahadi isiyosomwa mara nyingi hailipwi. Nimeshika daftari la michango na najua ninachosema. Isitoshe, mtu anaposikia jina lake na kiasi alichotoa, anahakikishiwa kwamba fedha yake imefika. Anayeona haya ajiulize kama kweli ametoa kwa kadiri alivyojaliwa.

Mwanakwaya: Ndugu mjumbe, neno lako la mwisho limenichoma. Mama yangu, ambaye ni mjane, alitoa fedha ya mboga ya wiki nzima wakati wa mchango wa kengele, jina lake likasomwa la mwisho huku watu wamekwisha kusimama wanatoka. Tangu hapo alikuwa anaondoka kabla ya matangazo. Je, yeye hakutoa kwa kadiri alivyojaliwa?

Msomaji wa historia: Liko dirisha lililochangiwa bila aibu hiyo. Tarehe 15 Septemba 1963 wabaguzi wa rangi walilipua kanisa la Wabaptisti la 16th Street mjini Birmingham, Alabama, Marekani, wakaua wasichana wanne. Msanii wa vioo John Petts wa Wales alipoisikia habari hiyo alimpigia simu David Cole, mhariri wa gazeti la Western Mail, wakaitisha mchango wa dirisha jipya kwa masharti kwamba mtu mmoja asitoe zaidi ya nusu krauni, yaani shilingi mbili na peni sita za Kiingereza, ili asitokee tajiri wa kulilipia peke yake. Watoto walipanga foleni na vijisenti vyao. Dirisha, lenye Kristo mweusi aliyenyosha mikono, liliwekwa mwaka 1965, na limeandikwa kwamba limetolewa na watu wa Wales.

Mjumbe wa kamati: Wales ni nchi nzima, tena yenye gazeti. Sisi tukiweka kikomo cha elfu mbili, hata gharama ya jukwaa la kupandia haitapatikana. Mwenye milioni nimrudishe nyumbani?

Muumini wa ibada ya kwanza: Asirudishwe, lakini asitangazwe. Kama fedha haitoshi, liandikwe andiko kwa wafadhili, kwa kuwa hata Mkunazini, Unguja, kanisa lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Mwanakwaya: Wafadhili waje, lakini wakute sisi tumeanza. Liwekwe sanduku lenye kufuli mbili, na kila Jumapili isomwe jumla peke yake. Kwa utaratibu huo mama atatoa, nami nitatoa.

Fundi wa vioo: Mnabishana juu ya majina huku fundi wa alumini amekwisha kuja kupima. Kazi hii huanza kwa picha na kunakili mchoro wa kila paneli kwenye karatasi, kila kipande kipewe namba, ndipo risasi ya zamani ikatwe na mpya iwekwe. Vioo vyenyewe hurudi vilevile. Nyuso zimechorwa kwa rangi iliyochomwa tanuruni, na pale ilipolegea, brashi na sabuni vitaiondoa moja kwa moja. Huyo wa alumini akiling'oa dirisha kwa patasi, hakutakuwa na kitu cha kuchangia. Mjumbe, naomba umsimamishe leo, halafu habari ya sanduku au kipaza sauti iamuliwe kwenye mkutano wa waumini.

Mjumbe wa kamati: Nitamsimamisha. Kuhusu kipaza sauti, bado sijakubali.