Tupeane uzoefu: hela ikiingia, bado unamtegemea Mungu kama ulivyokuwa huna?

MzeeWaSpea
Wapendwa, Bwana asifiwe. Zile shuhuda za "nilipanda mbegu ya laki, wiki haijaisha nina Harrier" tumezisikia za kutosha. Nataka mtu aseme ilikuwaje moyoni hela ilipoingia, au ilipokata.

Naanza. Nauza spea za pikipiki Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa. Enzi za kupanga vitu chini kwenye baraza ya mtu, sala yangu ya asubuhi ilikuwa na mambo yake kabisa: mwenye baraza asinitimue, mgambo wasipite, ipatikane hela ya unga. Sasa nina fremu, na sala imekuwa ya jumla jumla: asante kwa yote, amina. Kanisani sijaacha, ahadi namaliza mapema. Ila nikishtuka usiku, cha kwanza ni simu, naangalia salio.

Kumbukumbu la Torati 8 inanisema mimi. Waisraeli wanaambiwa haya kabla ya kuvuka Yordani, hawana hata shamba: mkishashiba na kujenga nyumba nzuri, mtasema ni nguvu za mikono yenu. Haisemi utajiri ni dhambi. Mstari wa 18 unasema Mungu ndiye anayetoa nguvu za kuupata.

Binti_Newala
Kwetu ni korosho. Njaa yetu inajulikana inakuja lini, ile miezi kabla msimu haujafunguliwa. Hapo ndipo mtu wa kangomba anapita na bakuli lake: chukua hela leo, korosho utanipa zikianguka, bei ya kutupa. Baba yangu, Mwanglikana wa wale wa Masasi, alikataa kangomba maisha yake yote. Majirani walimwona anaringa. Jioni akisali "utupe leo riziki yetu", mama anadakia: "Na leo ni mihogo, Baba Asha, kama jana." Tunacheka, tunakula.

2018 ilipotangazwa 3,300 kwa kilo, kijiji kizima kilijenga kwa mdomo: bati, pikipiki, mke wa pili. Hela ikakawia. Waliokuwa wamekopa kwa kuitegemea walilala vibaya kuliko hata wasio na mkorosho mmoja. Baba alipolipwa alitoa ya kanisa kwanza, kisha akanunua salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mimi ningeanza na salfa, sidanganyi.

MtuWaKayole
Huku Nairobi kuna mhubiri mgeni alikuja kanisa moja mtaani akasema anayetaka nyumba yake mwenyewe atoe kodi ya mwezi huo. Dada yangu akatoa. Landilodi akaja na kufuli. Waliomtoa kwenye shida ni akina mama wa chama, tena wengine hata hawaendi kanisa hilo.

Wahubiri wa hivi wanampenda sana mjane wa Sarepta, yule aliyempikia nabii Eliya unga wake wa mwisho. Someni 1 Wafalme 17 mpaka mwisho. Eliya aliomba mkate kwanza, sawa, lakini alibaki pale pale, wakala unga ule pamoja siku nyingi. Huyu wetu aliondoka jioni hiyo hiyo.

Abuu_Pangani
Samahani wakuu, mimi Muislamu, napita tu. Kwetu inasemwa mfunge ngamia kwanza, kisha tawakali. MzeeWaSpea, kuangalia salio usiku mbona si kukosa imani? Duka lina deni?

MzeeWaSpea
Karibu shekhe. Lina deni, la benki. Ngamia wenu anafungwa, wa kwetu anapitishwa tundu la sindano, ndiyo maana hatulali 😄

Mama_Wali_Buguruni
Nyie mnaongelea fremu, mimi nina sufuria. Swali langu: fungu la kumi ni kwenye mauzo au kwenye faida? Mauzo ya siku yana mchele wa kesho ndani yake, mkaa, mafuta, na ya yule binti anayenioshea vyombo. Nikitoa humo, kesho jiko haliwaki. Mzee wetu wa kanisa nilimuuliza, akaniambia nikaandike kwanza. Kuandika ndiko kulikonionyesha kwamba siku za mvua napika bure.

Binti_Newala
Faida, mama. Kumbukumbu 14:22 inasema yatokayo shambani. Mbegu uliyofukia haihesabiwi.

MtuWaKayole
Huku wengine watakuambia gross, yote ilivyo. Uliza kama wao wananunua mkaa.

Mama_Wali_Buguruni
Haya, nimewaelewa. Na mnaitoa kwa siku au kwa mwezi? Jangwani mana ikibakizwa iliingia mabuu. Yangu ikibaki wanaingia watoto, mara daftari, mara mchango wa mitihani.

MzeeWaSpea
Kwa wiki. Jumamosi ukifunga hesabu itenge kwenye bahasha, na bahasha akae nayo mtu mwingine. Yangu anakaa nayo mama watoto, na hanikopeshi.